Gemu ya Tangramu kwa Watoto: Maswali Ambayo Wazazi Hutuuliza Kila Jumamosi

Kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, baraza yetu hapa Migosi, Kisumu, hujaa watoto wa majirani. Wengine huinama juu ya mkeka wakipanga vipande vya mbao, wengine hukaa ukutani wakingoja zamu ya gemu. Wazazi wanapokuja kuwachukua huuliza maswali yaleyale, mara nyingi wakiwa wamesimama mlangoni na mfuko wa sukuma wiki mkononi, wakati wa kukaa tukaongea ukiwa haupo. Majibu yetu ndiyo haya, kwa urefu ambao mlangoni hautoshi.

Hii gemu ni nini hasa?

Ni chemshabongo ya maumbo. Kwenye skrini hutokea kivuli cheusi cha kitu fulani, tuseme bata, mashua au mtu aliyekaa, na pembeni kuna vipande saba. Mtoto anavipanga vipande hivyo mpaka vijaze kivuli chote. Sheria ni tatu tu: vyote saba vitumike, visipandane, visitokeze nje. Hakuna adui wa kupigwa, hakuna gari la kugonga, na ukipenda unaweza kuzima sauti kabisa.

Mchezo wenyewe ni wa mkono tangu zamani. Ulichezwa kwa mbao, karatasi na hata pembe za ndovu miaka mingi kabla ya mtu kuwaza skrini. Gemu imeuchukua mchezo huo ikauweka ndani ya kifaa.

Hivyo vipande saba ni vipi?

Pembetatu kubwa mbili, pembetatu ya wastani moja, pembetatu ndogo mbili, mraba mmoja na msambamba mmoja, yaani umbo la pande nne linaloegemea upande mmoja. Vyote vimekatwa kutoka mraba mmoja mkubwa, na ukivirudisha inavyofaa unaupata mraba ule tena.

Chukua pembetatu ndogo iwe kipimo chako. Mraba unaenea ndogo mbili. Msambamba, ndogo mbili. Pembetatu ya wastani, ndogo mbili vilevile. Kila pembetatu kubwa ni ndogo nne. Jumlisha: 16. Watoto wengi hukataa kata kata kwamba mraba, msambamba na pembetatu ya wastani ni sawa kwa ukubwa, kwa sababu macho yao yanawaambia msambamba ni mrefu zaidi. Hatubishani nao. Tunawapa zile pembetatu ndogo mbili wazilaze juu ya kila kimoja, halafu tunanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakofundisha.

Mtoto wangu anasema “pindua chapati” akicheza. Anamaanisha nini?

Hilo ni neno la barazani kwetu, na lina historia yake.

Kwenye gemu kuna mambo mawili ambayo mtoto huyachanganya. La kwanza ni kukizungusha kipande, kama unavyozungusha sufuria kwenye jiko ili mkono wake uelekee kwako. La pili ni kukipindua, upande wa chini uwe juu. Kwa pembetatu zote na kwa mraba, kupindua hakuongezi kitu: sura unayoipata ungeipata kwa kuzungusha tu. Msambamba ni tofauti. Huo unaegemea upande mmoja, na uuzungushe utakavyo, hautaegemea upande wa pili mpaka uupindue. Katika vipande saba, ni huo peke yake wenye tabia hiyo.

Mwaka jana kijana mmoja wa Gredi ya 2 alikwama kwenye kivuli cha samaki. Vipande sita vilikuwa mahali pake. Pengo lililobaki kwenye mkia lilikuwa na umbo la msambamba waziwazi, na msambamba alikuwa nao, lakini haukuingia. Aliuzungusha kwa kidole, tiki, tiki, tiki, ukarudi ulikoanzia. Akaanza upya. Alifanya hivyo kwa muda mrefu mpaka wenzake wakachoka kumtazama wakaondoka. Mwishowe akaweka simu chini, akanyoosha kiganja chake hewani kikielekea pembeni, akakitazama, kisha akakigeuza ghafla kama mtu anayepindua chapati kwenye kikaango. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, “Kumbe ina mgongo.”

Akaichukua simu, akagusa kitufe cha kupindua, samaki akapata mkia. Tangu siku hiyo hakuna anayesema “geuza” barazani kwetu, maana geuza inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili. Tunasema zungusha au tunasema pindua chapati.

Kwa nini mnatumia gemu na vipande vya mbao mnavyo?

Mama mmoja alituuliza hili kwa ukali kidogo, na alikuwa na haki. Kama ingebidi nichague kimoja tu, ningechagua mbao. Kipande cha mbao kina uzito, kina ncha, kina mgongo unaoweza kuupapasa. Mtoto anayeanza na skrini huweza kukaa wiki mbili bila kujua kwamba msambamba una pande mbili, kwa kuwa kitufe cha kupindua kwake ni alama tu kama alama nyingine. Kwa hiyo kwetu hakuna anayeshika gemu kabla hajamaliza vivuli kumi kwa mbao.

Lakini gemu ina mambo mawili ambayo mbao haina. Kwanza, inajua umemaliza. Mtoto akipanga kwa mbao hukimbilia mtu mzima kuuliza, “Mwalimu, ni sawa?” na mtu mzima akishughulika, mchezo unasimama. Kifaa hukubali au hukaa kimya, na mtoto hujifunza kujisahihisha bila kutazama uso wa mtu. Pili, ina ngazi. Vivuli vinaanza na rahisi, ambavyo mistari ya vipande inaonekana, vinaendelea hadi vile vyeusi tii visivyo na dalili yoyote. Kuandaa ngazi kama hiyo kwa karatasi ni kazi ya miezi.

Nitafute kifaa gani?

Sisi tuna viwili. Kimoja ni Nintendo DS, kifaa kinachokunjwa kama kitabu, chenye skrini mbili, ya chini ikiwa ya kuguswa kwa kalamu yake ndogo ya plastiki. Kilianza kuuzwa mwaka 2004, kwa hiyo utakachopata leo karibu kila mara kitakuwa kimeshatumika. Kadi tuliyo nayo ni Neves, gemu ya mwaka 2007 iliyotokana na chemshabongo ya Kijapani iitwayo Lucky Puzzle. Ina vivuli zaidi ya 500. Vipande vyake ni saba pia, na ukilisoma jina lake kinyumenyume utaona saba hiyo kwa Kiingereza, lakini havifanani vyote na vya tangramu, kwa hiyo mtoto aliyezoea mbao zetu huona kama amehamia mtaa mwingine. Kadi za DS hazifungiwi na nchi. Ya Marekani au ya Japani huingia na kufanya kazi hapa.

Kifaa cha pili ni simu ya zamani tu, kioo kimepasuka pembeni, haina laini ya simu na intaneti imezimwa. Tuliiwekea programu ya tangramu ya bure isiyohitaji mtandao. Ukiniuliza cha kuanzia, ni hiki. Karibu kila nyumba ina simu kama hiyo kwenye droo. Muhimu ni programu iwe na kitufe cha kupindua kilicho wazi, na isiwe ya kukatiza mchezo kwa matangazo. Ukizima intaneti, matangazo mengi huisha hapohapo.

Onyo kuhusu chaja. Kifaa chetu cha kwanza kilinijia na chaja ya Marekani. Nilikiona kichwa chake hakiingii kwenye soketi yetu, nikanunua adapta, nikachomeka. Sikusoma maandishi madogo ya mgongoni: volti 120. Stima yetu Kenya ni 240. Kwanza ilikuja harufu, kisha mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, na watoto sita wakanitazama mimi. Adapta hubadilisha umbo la kichwa tu, umeme unabaki uleule. Soma mgongo wa chaja: kama haijaandikwa 240, au 100 hadi 240, usiichomeke, hata kama muuzaji anakuapia.

Mtoto aanze akiwa na miaka mingapi?

Kwa mbao kubwa, miaka mitatu na nusu au minne, na asipewe vivuli. Apange tu anavyotaka. Atatengeneza “nyumba” isiyofanana na nyumba yoyote duniani, naye ataitetea. Mwache. Chini ya miaka mitatu usimpe vipande vidogo kabisa, vitaishia mdomoni.

Kwa gemu, tumeona miaka sita ndipo mtoto anaburuta kipande bila kidole kuteleza na bila hasira. Wapo wanaoweza mapema. Hakuna haraka.

Acheze kwa muda gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka mitano: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya kukaa mbele ya skrini kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Saa hiyo ni pamoja na katuni na video za simu ya mama, si gemu peke yake.

Kwa wakubwa, barazani tunatoa dakika 20 kwa zamu. Zikiisha mtoto anatoka nje hadi kwenye mwembe, anatazama mbali, kule paa la mabati la jirani, ndipo arudi kwenye mkeka. Macho yanahitaji kutazama mbali. Na wengi wao jibu lililowashinda huwajia wakiwa pale chini ya mwembe, nimeshaona mtoto akirudi mbio akipiga kelele, “Kubwa zinakaa mgongo kwa mgongo!”

Itamsaidia kwa hesabu?

Ninaamini hivyo, ila sitaki kukuuzia miujiza.

Katika mtaala wetu wa umilisi, watoto wa gredi za chini husoma mistari na maumbo, na tangramu inakaa hapo vizuri kabisa: pembetatu, mraba, kutengeneza ruwaza. Wakifika kwenye sehemu, yule aliyezoea kwamba pembetatu kubwa ni robo ya mraba wote, mraba mdogo ni thumni, na pembetatu ndogo ni moja ya kumi na sita, hashtuki akiviona ubaoni. Ameshavishika.

Kuhusu utafiti, mwaka 2012 Susan Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha kazi waliyofuatilia watoto 53 majumbani mwao, kuanzia umri wa kama miaka miwili hadi minne. Waliokuwa wakicheza chemshabongo za kupanga vipande walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kugeuza maumbo kichwani walipofika miaka minne na nusu, hata baada ya watafiti kuzingatia kipato na elimu ya wazazi. Mwaka uliofuata, David Uttal na wenzake walikusanya pamoja tafiti 217 wakaonyesha kwamba uwezo huu wa kuwaza maumbo hukua kwa mazoezi. Si kitu mtu anazaliwa nacho au bila. Angalia lakini: watoto wale wa Chicago walicheza kwa mikono, na wazazi wao wakiwa karibu. Ukimpa mtoto simu ukaenda zako sokoni, usitegemee matokeo hayo.

Amekwama na analia. Nimwonyeshe jibu?

Hapana. Na najua ni vigumu. Wazazi wengi wanaokaa nasi hushindwa hapa, akina baba hasa. Kidole kinatoka chenyewe kinasukuma kipande mahali pake, na mtoto anakitazama kidole cha baba badala ya kutazama kivuli.

Ukimwekea kipande umemwonyesha kwamba jibu lilikuwa rahisi na yeye hakuliona. Hiyo si zawadi. Jaribu hivi.

Muulize kwanza, “Pembetatu kubwa zinaweza kukaa wapi?” Hizo mbili ni nusu ya eneo lote. Vivuli vingi vina sehemu moja au mbili tu zinazoweza kuzibeba, na zikishakaa, kazi iliyobaki ni nusu. Mtoto anayeanza na vipande vidogo atajikuta mwishoni ameshika kubwa lisilo na pa kukaa. Sisi husema wageni wakubwa wapewe viti kwanza.

Akikwama tena, mwambie atafute ncha. Ncha nyembamba kwenye kivuli, kama mdomo wa ndege au kidole cha mguu, karibu kila mara ni ncha ya pembetatu au ya msambamba, kamwe si ya mraba. Kila pembe kwenye vipande hivi ni nyuzi 45, 90 au 135, hakuna nyingine. Macho yakizoea hizo tatu, kivuli kinaanza kuongea.

Akikwama mara ya tatu, aulizwe kama amepindua chapati. Baada ya hapo, aweke chini. Kivuli hakiozi. Kesho kitakuwepo.

Kuna msichana aliyekaa na mashua moja Jumamosi tatu. Ya nne, mama yake alinipigia simu alfajiri kuniambia binti ameamka akisema ameona tanga linavyokaa, na anataka kuja kabla ya wengine. Ningemwonyesha jibu ile Jumamosi ya kwanza, ningemnyima asubuhi hiyo.

Gemu imekataa jibu lake, na mimi naona ni sahihi!

Inawezekana kabisa uko sahihi. Kivuli kimoja huweza kujazwa kwa njia zaidi ya moja. Programu nzuri hupima kama kivuli chote kimefunikwa, bila kujali nani amekaa wapi. Programu mbovu huwa na jibu moja ililowekewa na hukataa mengine yote. Hii ya pili ifute, usiihurumie; inamfundisha mtoto kwamba kufikiri kwa njia yake ni kosa.

Ila hakikisha kwanza kwamba vipande havijaachana kidogo. Kwenye skrini ndogo pengo jembamba kama unywele halionekani, na kifaa kinaliona. Programu nyingi huvivuta vipande vishikane vinapokaribiana. Ikiwa yako haifanyi hivyo, mtoto ataumia bure.

Ni kweli mchezo huu una miaka 4,000?

Si kweli, ingawa utalikuta hilo limeandikwa mahali pengi. Lilitoka kwa Mmarekani mmoja, Sam Loyd, mtunzi hodari wa chemshabongo, aliyechapisha kitabu mwaka 1903 akidai mchezo ulibuniwa na mungu wa Kichina aitwaye Tan miaka 4,000 iliyopita. Alikuwa anatania, lakini watu waliamini, hata mtunzi mwenzake wa Uingereza, Henry Dudeney. Ikabidi James Murray, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, aulizie kupitia mwanawe aliyekuwa profesa huko China. Wasomi wa kule wakashangaa: Tan huyo hawakuwahi kumsikia.

Kinachojulikana ni hiki. Mchezo ni wa China, ambako huitwa qiqiao ban, yaani mbao saba za werevu. Kitabu cha vivuli cha zamani zaidi kinachojulikana ni cha mwaka 1813. Mwaka 1816 vitabu vya aina hiyo vilifika Philadelphia kwa meli ya biashara iliyotoka Canton, bandari ya China, na mwaka 1817 na 1818 Ulaya nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya mchezo huu. Jina tangramu lilikuja baadaye, mwaka 1848, katika kitabu cha watoto cha Thomas Hill, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Harvard.

Nawasimulia watoto habari hii yote, pamoja na uongo wa Loyd. Wanaupenda uongo ule kuliko ukweli, lakini wanajua upi ni upi.

Ni sawa na Tetris?

Ni binamu wa mbali. Tetris ilitungwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, naye alipata wazo kutoka chemshabongo nyingine ya vipande, pentomino, yenye maumbo 12 ya miraba mitano mitano. Lakini Tetris inakukimbiza. Tangramu inakungoja. Kwa mtoto mdogo tofauti hiyo ni kubwa.

Mbona msiwafundishe ajua, mchezo wetu?

Tunawafundisha. Wazee wawili wa mtaa huja na ubao wao, na watoto huwazunguka kama nzi kwenye muwa. Ajua, au bao kwa jina la Kiswahili, ni mchezo wa kuhesabu na kutazama mbele. Tangramu ni wa kuona umbo ndani ya umbo. Mtoto anahitaji vyote viwili.

Ni gemu ya wavulana?

Hapana. Barazani kwetu anayeshikilia vivuli vigumu zaidi ni msichana wa miaka tisa.

Sina pesa ya kifaa. Naweza kuanza vipi?

Kwa boksi la kartoni, rula na wembe, leo jioni.

Kata mraba wa sentimita 16 kila upande. Mezani, iite pembe ya chini kushoto A, ya chini kulia B, ya juu kulia C, ya juu kushoto D. Chora mstari kutoka A hadi C. Weka nukta katikati ya mstari huo, uiite O. Chora kutoka D hadi O na uishie hapo: umepata pembetatu kubwa mbili.

Sasa upande wa B. Weka nukta E katikati ya AB, na F katikati ya BC, uziunganishe. Kona ya B inakuwa pembetatu ya wastani. Katikati ya EF weka nukta G, uunganishe G na O. Tafuta nukta iliyo katikati ya A na O, uiunganishe na E: hapo unapata pembetatu ndogo na mraba. Mwisho, tafuta nukta iliyo katikati ya O na C, uiunganishe na G: unapata pembetatu ndogo ya pili na msambamba. Hesabu vipande. Viwe saba.

Rangi moja pande zote mbili, tafadhali. Ukipaka upande mmoja tu, mtoto ataogopa kupindua msambamba kwa kuwa utaonekana mgongo mbaya, na ule mkia wa samaki hautapatikana.

Ukitaka vya kudumu, peleka kartoni hiyo kwa seremala, awe wa soko la Kibuye au wa mtaani kwako, umwambie aikatie plaiwudi kwa msumeno mwembamba kisha apige msasa kingo zote. Mwambie kabisa kwamba ni vya watoto. Wetu wa kwanza aliacha vibanzi, tukashinda Jumamosi nzima na sindano tukivitoa vidoleni.

Amemaliza vivuli vyote. Sasa?

Hongera kwake. Mpe haya matatu, kwa mbao.

La kwanza: maumbo yasiyo na kona ya kuingia ndani, yaani ambayo ukiyazungushia uzi, uzi unagusa ukingo wote. Mwaka 1942 wanahisabati wawili Wachina, Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung, walithibitisha kwamba kwa vipande saba yapo 13 tu: moja la pande tatu, sita za pande nne, mawili ya pande tano na manne ya pande sita. Watoto wetu wamefikisha tisa. Ukutani tumeacha nafasi nne.

La pili: atengeneze mraba kwa kipande kimoja, kwa viwili, vitatu, vinne, vitano, na kwa saba. Yote yanawezekana. Kwa sita haiwezekani, hesabu zinakataa. Usimwambie mapema. Mwache ahangaike na sita mpaka yeye mwenyewe aanze kushuku.

La tatu ni la Dudeney: watu wawili waliosimama, wanafanana kabisa, kila mmoja ametumia vipande vyote saba, lakini mmoja ana mguu na mwingine hana. Mguu umetoka wapi? Jibu liko mwilini: asiye na mguu amenenepa kidogo, kiasi ambacho jicho halioni ila rula inaona.

Kipande kimoja kimepotea. Tununue seti nyingine?

Hapana. Kwanza tafuta chini ya kochi. Kama hakipo, vipande vilivyobaki vitakupa vipimo vyote. Mraba au pembetatu ya wastani ikipotea, panga pembetatu ndogo mbili zikae umbo lile, zungushia penseli kwenye kartoni, kata. Msambamba vilevile. Ndogo ikipotea, weka ndogo nyingine juu ya kartoni uchore. Na mtoto ndiye akate, au kama bado ni mdogo kwa wembe, ndiye achore. Wetu mmoja alichora msambamba mpya wiki iliyopita, akautazama, akaupindua, akacheka, akauandika kwa kalamu upande mmoja: “mgongo”.